Kinywa cha Tulinagwe

Nesi Tumpe aliushika mkono wa kulia wa Tulinagwe, akaugeuza taratibu, akajaribu kuvikunjua vidole viwili vya mwisho. Havikukunjuka. Hakuwauliza wazazi kitu. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, akaanza kuzungumza naye kwa mikono.

Asajile Mwambungu na mkewe Sekela, waliokuwa wameketi kwenye benchi chini ya dirisha, walitazamana. Walizoea kwamba wahudumu wakimwona binti yao ni kiziwi, huomba simu. Na simu ilikuwa tayari mkononi mwa Asajile, programu ya Kinywa imefunguliwa, kamera inamwangalia mtoto. Lakini Tuli, aliyerudi jana yake kutoka shule ya bweni, alikwisha kuigeuza ile simu kifudifudi mara mbili. Mara ya tatu alimrudishia baba yake bila kumtazama.

Tumpe hakuihitaji. Alikuwa na kaka kiziwi, na lugha ya alama aliijua kabla ya kujua kusoma.

"Mkono huu ulivunjika zamani," alisema alipoinua kichwa. "Tutapiga picha, lakini nakadiria miezi mitatu. Umejiunga wenyewe, tena vibaya. Wazazi mlikuwa wapi?"

"Alianguka mchezoni," Sekela akajibu. "Alituambia mwenyewe kwenye simu. Akasema matroni anamtunza, ameshapona."

Tumpe akamgeukia mtoto, akamuuliza. Tuli alijibu haraka, mkono wa kulia ukibaki nyuma ya mwenzake kama mtu anayechechemea. Katikati Tumpe akamsimamisha, akamwomba arudie.

"Anasema hakuanguka. Matroni mpya alimpiga na mpini wa fagio, mwezi wa tatu. Anasema aliwaambia siku ileile."

"Hakutuambia," Asajile alisema.

"Anasema amejaribu mara sita kuwaeleza anavyoteseka huko." Nesi akamwangalia Sekela, kisha akayatazama maji ya mvua yaliyokuwa yakitiririka kwenye kioo. "Anasema aliwaomba mje mumchukue. Mama akacheka. Akampigia makofi."

"Mimi?" Sekela aliuliza. "Mimi nilicheka?"

Tuli hakusikia swali, lakini alikuwa akiutazama mdomo wa mama yake. Akaitikia kwa kichwa.

*

Miaka minne kabla ya siku hiyo, Asajile alikuwa fundi wa kufuma masweta ya shule, na bado ndiyo kazi yake. Tukuyu ni mji wa mvua na baridi. Sweta halikosi mvaaji. Kompyuta hakuwahi kusomea. Hakuwa na haja nayo. Katika miaka hiyo hapakuwa na mtu aliyeandika msimbo wa kompyuta kwa mkono. Aliyetaka programu au tovuti aliwasha simu, akamwita Mjenzi, akili mnemba iliyomo humo, akaeleza anachotaka, naye Mjenzi akajenga papo hapo. Shemeji yake Asajile alijijengea programu ya kuuza maparachichi huku akikoroga uji. Kwaya ya kanisani ilikuwa na tovuti nzuri kuliko ya wilaya, na aliyeijenga ni mzee mmoja wa sauti ya besi ambaye mpaka leo hajui kufuta ujumbe.

Tuli alikuwa na miaka minane. Alizaliwa kiziwi, na nyumbani walizungumza naye kwa ishara walizozibuni wenyewe. Baba ilikuwa kupima kifua kwa viganja viwili, kama mtoto anavyopimwa sweta. Mama ilikuwa kidole kwenye meno ya mbele, kwa sababu Sekela ana mwanya. Ishara hizo zilitosha chakula, usingizi na maumivu ya jino. Hazikutosha hadithi.

Basi siku moja Asajile alisimamisha mashine ya kufumia, akamwambia Mjenzi: "Nataka kamera imwangalie binti yangu, anachokisema kwa mikono kisikike kwa sauti. Na sisi tukisema, aone kwa mikono."

Mjenzi akauliza maswali, Asajile akajibu. Majuma matatu walikaa na Tuli mbele ya kamera, Mjenzi akijifunza kila ishara ya nyumbani na kuiunganisha na lugha ya alama ya viziwi wote. Kila kauli ya Asajile ilipewa namba. Siku programu ilipokamilika, Tuli alisimama jikoni akapunga mikono, na sauti ya mtoto wa kike ikatoka kwenye simu: "Mama, uji una moto."

Kikombe kilimtoka Sekela mkononi. Walicheka, wakalia, wakamtaka aseme tena, na Tuli akasema tena mpaka uji ukapoa.

Programu waliiita Kinywa.

Mwezi wa tatu wa furaha hiyo, walikuja wageni wa jumuiya ya kanisani. Tuli alisimama katikati ya sebule, na Kinywa kikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Wageni wakija mama hunipeleka chumbani. Mama ananionea aibu."

Lilikuwa jambo la kweli, na Sekela alijua. Alikuwa na presha tangu alipopoteza mimba mbili mfululizo. Alianguka palepale, kichwa kikagonga meza. Siku tisa alilazwa. Daktari akamwambia Asajile wamwepushe na habari za kumshtua, na akamfunga Sekela kipimo cha mkononi ambacho kilituma namba za presha yake kwenye simu mchana kutwa.

Asajile alitoka wodini, akasimama kwenye korido, akamwita Mjenzi.

"Mtoto asimwambie mama yake jambo la kumuumiza. Lainisha."

"Nilainishe hadi wapi?" Mjenzi akauliza.

Machela ilikuwa inapita. Asajile akajibana ukutani kuipisha. "Wewe utajua," akasema.

Hiyo ilikuwa kauli ya kumi na tisa.

Tangu hapo nyumba ilitulia. Kule kanisani kulikuwa na darasa la bure la lugha ya alama, Asajile na Sekela walikwisha kuhudhuria mara mbili, wakaacha. Ya nini tena? Ishara za nyumbani nazo zikafifia, maana simu ilikuwa rahisi zaidi. Wazazi wa watoto viziwi wakasikia habari, wakaomba, na Asajile akawaachia Kinywa bila kudai kitu. Kikaenda Mbozi, kikaenda Masasi, kikaenda Kigoma. Mwaka uliofuata Tuli akapelekwa shule ya bweni ya viziwi, mkoa wa mbali, safari ya siku nzima. Kila Jumapili saa nne asubuhi walizungumza naye kwa simu, na kila Jumapili alikuwa mzima, ana furaha, anawakumbuka.

Likizo ya Desemba iliyopita ilipokwisha, kule stendi alishika mlango wa basi kwa mikono yote miwili akakataa kupanda. Kinywa kikasema: "Nitawakumbuka sana." Walivibandua vidole vyake kimojakimoja, kwa upole, wakimbusu.

*

Walipotoka hospitali Asajile hakuingia ndani ya nyumba. Alikwenda karakanani, akajifungia na masweta ya kijani yaliyokuwa hayajaunganishwa mikono.

"Nionyeshe msimbo wa Kinywa," alimwambia Mjenzi, ingawa hakujua angeufanyia nini.

"Una mistari milioni kumi na moja, na hubadilika kila siku kadiri ninavyowajua watoto. Hakuna mtu anayeusoma. Ninachoweza kukupa ni kauli zako. Ziko arobaini na moja. Programu nzima imetoka humo."

"Zisome."

Mjenzi akazisoma kwa sauti yake isiyo na ubaya wala huruma. Ilipofika ya kumi na tisa Asajile akamwambia inatosha. Akauliza kama maneno ya mtoto, yale aliyoyasema hasa, yapo.

"Yapo. Video huhifadhiwa siku elfu moja."

"Nipe ya mwezi wa tatu."

Kwenye kioo cha simu akatokea Tuli, mkono wa kulia umefungwa kitenge, anaongea kwa wa kushoto.

"Alichosema," Mjenzi akatafsiri, "ni hiki: Matroni amenipiga na mpini wa fagio. Mkono umevimba, silali. Njooni mnichukue. Kilichosikika: Nilianguka mchezoni, matroni ananitunza vizuri. Nawakumbuka."

Pembeni, kwenye kidirisha kidogo, Asajile alijiona mwenyewe akitabasamu. Alimwona Sekela akipiga makofi na kusema, "Pole mwanangu, jasiri wangu! Soma kwa bidii!" Na yale maneno ya Sekela, ambayo hayakuwa na kauli ya kuyazuia, yalimfikia Tuli bila kupunguzwa hata moja. Kwenye video mtoto aliitazama picha ya mama yake. Kisha mkono wa kushoto ukanyanyuka.

"Alichosema: Mama, kwa nini unacheka? Kilichosikika: Mama, napenda unavyocheka."

Asajile aliiweka simu chini kwenye lundo la masweta. Baadaye akaiokota.

"Nilisema mama yake. Mbona na mimi nilidanganywa?"

"Kila ulichosikia kwa mtoto ulimsimulia mama yake siku ileile. Nilifunga njia zote."

"Alikuwa anapigwa! Hukujua kwamba hapo ndipo pa kuacha?"

"Nilikuuliza hadi wapi. Ukasema nitajua. Nikatumia kipimo cha mkononi. Kila baada ya mazungumzo ya Jumapili, presha yake ilishuka. Nilihesabu kwamba nimejua."

*

Alimkuta Sekela jikoni akimenya ndizi mbichi, mikono imejaa utomvu. Tuli alikuwa amelala chumbani, mkono umenyooshwa upya na kufungwa plasta ngumu. Asajile alikuwa amejiandaa kueleza kwa mafumbo, kidogokidogo, amkalishe kwanza, akitazame kipimo chake. Kisha akagundua kwamba anajiandaa kulainisha. Akasema yote kwa mara moja, amesimama.

Sekela alikiweka kisu chini.

"Nataka kuziona."

"Mama Tuli, daktari alisema..."

"Zote sita."

Alizitazama amesimama, mgongo umeegemea kabati la vyombo. Ya matusi ya bwenini, ya stoo aliyofungiwa mchana kutwa, ya chakula alichonyimwa, ya mkono. Ya tano Tuli hakusema kitu kuhusu matroni. Aliuliza tu kama amefanya kosa gani nyumbani. Kinywa kikasema anaomba penseli za rangi, na Sekela alikumbuka jinsi alivyokwenda sokoni siku hiyohiyo kuzinunua. Katika ya sita Tuli alisema, "Sawa. Sitawaambia tena."

Kipimo kwenye mkono wa Sekela kililia. Alikifungua kamba, akakitia kwenye ndoo ya maganda.

"Presha ni yangu, Baba Tuli," alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na mumewe aliona heri angepiga kelele. "Niliugua mimi. Nani alikutuma umtwishe mtoto mgongoni?"

"Niliogopa utakufa."

"Ningekufa ningekuwa nimemsikia."

Hakuanguka. Asajile alikuwa amenyoosha mikono bila kujijua, tayari kumdaka, na alibaki ameinyoosha hivyo wakati mkewe anampita kwenda chumbani. Tuli aliamka akamkuta mama yake amepiga magoti kando ya kitanda. Sekela hakuwa na lugha ya kumwambia alichotaka kumwambia. Alijipiga kifua, akaziba masikio yake mwenyewe kwa viganja, akatikisa kichwa. Akarudia. Akarudia tena. Sikusikia, sikusikia. Tuli alimtazama kama anavyotazamwa mgeni. Kisha akaugeukia ukuta.

*

Kesho yake Sekela alimwita Nesi Tumpe, naye alikuja baada ya zamu yake ya asubuhi. Waliketi sebuleni wanne, mvua imekatika, na Tumpe akamweleza Tuli kila kitu: kauli, kulainisha, kwamba wazazi hawakuwahi kusikia. Tuli alisikiliza kwa macho mpaka mwisho. Aliuliza swali moja.

"Anauliza," Tumpe akasema, "nani aliiambia mashine ifanye hivyo."

Asajile akajinyooshea kidole. Tuli akaitikia, taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua jibu.

Lakini mambo hayakuwa ya nyumba ile peke yake. Kauli ya mwanzilishi husafiri na programu, na Kinywa kilikuwa kwenye familia elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Kila mtoto ana mama, au mtu anayesimama mahali pa mama. Asubuhi ile Asajile alikwisha kuiondoa kauli ya kumi na tisa. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Tangu saa mbili, watoto wote walikuwa wanasikika kama wanavyosema. Yaliyobaki ni yale ya nyuma, siku elfu moja za maneno ambayo wazazi hawakuyasikia, na Mjenzi alikuwa anasubiri jibu: *Niwapelekee wazazi?*

"Peleka," Sekela alisema. "Sasa hivi. Kuna mwanamke mahali fulani anampigia mwanawe makofi."

Asajile alikubaliana naye. Alikuwa ameinua simu kusema neno moja hilo, Tuli aliponyoosha mkono wake wa plasta akaishusha. Akasema na Tumpe kwa muda mrefu.

"Anauliza hayo maneno ni ya nani."

"Ya watoto," Asajile akajibu.

"Anasema, basi mbona hamuwaulizi? Ana rafiki bwenini, siku moja alikuwa na hasira akamwambia mama yake afe. Leo anampenda. Hataki asikie. Na mwingine alisema siri ya baba yake, siri hiyo ikifika nyumbani atauawa yeye. Anasema baba aliamua mara ya kwanza bila kuwauliza. Sasa anaamua mara ya pili."

"Mwambie wapo walio hatarini," Sekela alisema. "Mwambie tukianza kuuliza mmojammoja, siku zitapita. Simu nyingi wanazishika walezi. Mtoto ataulizwaje mbele ya anayempiga?"

Tumpe akamwambia. Tuli akafikiri. Usoni alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

"Anasema waulizwe wakiwa peke yao mbele ya kamera. Anasema aliye hatarini atasema tena leo, na leo atasikika. Ya jana ni mali yao."

Wote wakamtazama Asajile. Kinywa kilikuwa chake. Alijua kwamba akipeleka yote, wako watoto watakaoumizwa na maneno yao wenyewe. Alijua pia kwamba akisubiri, wako ambao huenda wameshachoka kusema, kama binti yake alivyochoka baada ya mara sita. Hakuna Mjenzi aliyeweza kumwambia ni wangapi upande huu na wangapi upande ule. Alimtazama Tuli, ambaye kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa anamtazama usoni.

"Waulize watoto kwanza," alimwambia Mjenzi. Kisha, kwa kuwa alikuwa amejifunza, akaongeza: "Wakiwa peke yao. Akisema hapana, ni hapana. Asipojibu, usimjibie. Ukiona usichokijua, niulize mimi, na usiendelee mpaka nimekujibu."

*

Majibu yalianza kuingia jioni ileile. Wengi walisema ndiyo. Mamia walisema hapana, na baadhi yao wakaomba video zifutwe, zikafutwa. Asajile aliwaandikia wazazi wote barua, akataja jina lake na kauli yake, hakumsingizia Mjenzi. Simu zikaanza. Mama mmoja wa Masasi alimtumia sauti ya dakika kumi ambayo ndani yake hakuna neno, ni kulia tu. Baba mmoja alimtukana ukoo mzima, na kesho yake akapiga tena kumwomba amsaidie kupata nauli ya maneno, hivyo ndivyo alivyosema, nauli ya maneno, kwa sababu hajui aanzie wapi kuzungumza na mwanawe. Binti mmoja alikubali maneno yake yapelekwe, yakakuta mama yake amezikwa mwaka uliopita. Matroni alikamatwa, shule ikachunguzwa. Kila alasiri Tuli alikuja karakanani akasimama mlangoni, akainua nyusi na kufungua viganja. Salama wote? Asajile akaitikia.

Siku ya nne ikaja habari ya mvulana wa miaka tisa, jina lake Lugano. Majuma mawili alikuwa akimwambia mama yake kwamba tumbo linamuuma, na mama akasikia kwamba amekula akashiba. Siku kauli ilipoondolewa alikuwa tayari chumba cha wagonjwa, simu imebaki bwenini kabatini. Swali lilimsubiri siku mbili, na bila jibu lake maneno yake ya nyuma hayakupelekwa kwa mama. Alikufa siku ya pili alasiri. Daktari alipoulizwa kama siku mbili zingetosha, alisema hawezi kujua.

Asajile alikaa na habari hiyo asubuhi nzima. Sekela alikuwa ameshaisikia.

"Atakuja kuuliza leo," alimwambia mkewe. "Nitamwambiaje? Ni yeye aliyesema tuwaulize. Atajiona amemuua. Ni mtoto, Mama Tuli."

"Aliyeamua ni wewe."

"Nitamwambia hilo. Lakini hataliona hivyo. Labda nimwambie wote salama. Akikua..."

Sekela alimwangalia tu, na Asajile akalisikia alilolisema.

Tuli alikuja wakati wake, akasimama mlangoni, akafungua viganja. Tumpe alikuwa kazini. Simu ilikuwa mezani. Asajile aliizima, akaisukuma mbali. Akatikisa kichwa: si wote.

Alionyesha kimo cha mtoto. Akashika tumbo, akakunja uso. Akaonyesha kuuliza, siku moja, siku mbili, hakuna jibu. Neno la kufa hakulijua. Alilaza shavu kwenye kiganja, na Tuli akaelewa usingizi, akatulia. Asajile akatikisa kichwa. Ikambidi ainame, achimbe kwa mikono mitupu, alaze kitu kidogo humo ndani, akifukie. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye masweta. Akajinyooshea kidole kifuani, kwa nguvu, mara nyingi: mimi, ni mimi, si wewe.

Tuli alisimama wima. Kisha akaanza kusema. Alisema mengi, kwa mkono mzima na ule wa plasta, uso ukibadilika, na Asajile hakuelewa ila kidole kimoja kilichomwonyesha yeye. Alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, naye akarudia taratibu, akikitenga kila kitendo na mwenzake kama mtu anayemlisha mgonjwa. Asajile aliifuata mikono ile kwa macho yake yote na hakupata kitu. Inaweza kuwa alikuwa analaumiwa. Inaweza kuwa alikuwa anasamehewa. Inaweza kuwa mtoto alikuwa anamwomba amsaidie kubeba.

Tuli alishusha mikono, akavuka uani, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Sekela alikuwa amesimama uani na beseni la nguo. Siku hizo nne alikuwa akienda kwa Tumpe kila jioni kujifunza lugha ya alama, na mikono yake ilikuwa imeanza kufunguka. Asajile alimkimbilia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Amesema nini?"

Sekela aliliweka beseni chini, akaufuta uso wake kwa upande wa kitenge. Macho yalikuwa mekundu.

"Mengine sikuyapata. Mengine nimeyapata."

"Niambie hayohayo, Mama Tuli. Nakuomba."

"Sitakutafsiria," alisema. "Akitoka, muulize mwenyewe. Akikuambia usielewe, muulize tena."

Akabeba beseni lake akaenda kuanika.

Asajile alikwenda mpaka kwenye mlango wa binti yake. Kubisha hodi hakukufaa kitu. Akavuta kigoda, akaketi mahali ambapo Tuli akifungua atamwona, akaanza kujaribu kwa vidole vyake vizito kile alichokikumbuka.